Panya Asiyeshtuka: Bruce Beutler na Kipokezi Kilichotafutwa kwa Miaka Mitano

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, na wanafunzi wetu,

Wale mliokwisha kunisikia mnajua nitakakoishia, kwa hiyo mna ruhusa ya kusinzia, mradi msikorome. Jambo hili nimelisema katika kila kikao cha kupitia mapendekezo ya utafiti, na nitaendelea kulisema maadamu bado ninaletewa mapendekezo ambayo ukurasa wake wa kwanza tayari umetaja jeni inayotafutwa. Mwanafunzi anataka kujua kwa nini maambukizi ya bakteria katika damu humuua mtoto mmoja na kumwacha mwenzake, na kabla hajamchunguza mtoto hata mmoja amekwisha kuchagua jeni tatu. Nikimuuliza amezipata wapi, hunijibu kwamba amezisoma katika makala. Basi mwenye makala amekwisha kuzipata. Wewe unaenda kutafuta nini?

Leo nitaijenga hoja yangu juu ya kazi ya mtu mmoja, Bruce Beutler, mwanajenetiki wa Marekani aliyeshiriki Tuzo ya Nobeli ya Tiba mwaka 2011. Kipokezi, yaani protini ya seli inayopokea ujumbe kutoka nje, hufanyaje kazi, na ishara hupitaje hadi ndani ya kiini, sitaeleza, kwa kuwa mmelifanyia mtihani na baadhi yenu mlifaulu.

Beutler alizaliwa Chicago mwaka 1957. Baba yake, Ernest Beutler, ni yule ambaye kazi zake juu ya upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu, hutajwa kila tunapozungumzia tahadhari ya kumpa mgonjwa wa malaria primakwini. Kijana alipata shahada ya udaktari akiwa na miaka 23, kisha akaingia katika maabara ya Anthony Cerami kwenye Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Wafugaji wa huku kwetu wanayo sehemu katika habari hii, japo hawakuombwa ruhusa. Maabara ile ilikuwa ikichunguza kwa nini mnyama mwenye vimelea vya nagana, wale wanaoenezwa na mbung'o, hukonda mpaka akabaki mifupa. Sungura walioambukizwa walionekana kuwa na mafuta tele katika damu ilhali miili yao inakwisha, na Cerami alishuku kwamba mwili wenyewe unatoa kitu kinachoufilisi. Mwaka 1985 Beutler alikitenga kitu hicho kutoka katika seli za panya, kikabainika kuwa ni protini iliyokuwa ikijulikana tayari kwa jina la TNF, iliyosifiwa kwa kuua uvimbe wa saratani. Mwaka huohuo yeye na wenzake walionyesha kwamba panya waliopewa kingamwili dhidi ya TNF hustahimili dozi ya lipopolisakaridi ambayo vinginevyo ingewaua.

Lipopolisakaridi, ambayo kuanzia sasa nitaiita LPS, ni sehemu ya ganda la nje la bakteria kama Salmonella, na ndiyo endotoksini iliyopewa jina hilo na Richard Pfeiffer mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo ilijulikana kwamba LPS huamsha seli, na seli iliyoamshwa humwaga TNF. Kilichokuwa hakijulikani ni jinsi seli inavyotambua kwamba LPS imefika. Mwaka 1990 iligunduliwa kwamba protini iitwayo CD14 huishika LPS juu ya uso wa seli, na wengi wakadhani kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha, kwa sababu CD14 imebandikwa juu ya utando tu na haina mkia unaoingia ndani. Lazima pawe na protini nyingine inayoupenya utando na kuipitisha habari.

Hapa naomba mwenye kusinzia aamke. Tangu mwaka 1965 watafiti walijua kwamba panya wa ukoo uitwao C3H/HeJ hawashtuki hata kidogo wanapodungwa LPS. Dozi inayowaua panya wengine wao huipokea na kuendelea kula. Lakini usiwaonee wivu, maana panya hao hao, wakiingiwa na Salmonella hai kidogo tu, hufa upesi kuliko wenzao. Maana yake ni kwamba kile kinachotuua tunapozidiwa na maambukizi ndicho kinachotukinga maambukizi yakiwa bado machanga. Kasoro hiyo ilionekana kurithiwa kama jeni moja, na kufikia miaka ya 1970 ilikwisha kuwekwa kwenye kromosomu ya 4. Kwa muda mrefu jibu lilikuwa limelala ndani ya vizimba, likilishwa na kubadilishiwa maranda, na watu wakaendelea kubashiri.

Beutler, ambaye wakati huo alikuwa na maabara yake Dallas, aliacha kubashiri mwaka 1993. Yeye na wenzake, akiwamo Alexander Poltorak, waliwazalisha panya wenye kasoro na wasio nayo, wakampima kila mjukuu kwa kuangalia kama makrofaji zake, seli za kinga zinazomeza vijidudu, zinatoa TNF zinapoguswa na LPS, kisha wakafuata alama za kromosomu ili kuona ni kipande gani ambacho hurithiwa daima pamoja na kasoro. Ona kwamba TNF, aliyoitenga miaka minane kabla, sasa ilikuwa ndiyo kipimo chake. Kila panya aliyezaliwa na kromosomu iliyokatika na kubadilishana vipande mahali panapofaa alilipunguza eneo la kutafuta, lakini eneo lililobaki lilikuwa bado na mamilioni ya herufi za DNA, na jinomu ya panya, yaani DNA yake yote, ilikuwa haijasomwa, hivyo herufi hizo walizisoma wenyewe, kipande kwa kipande. Karibu kila kilichofanana na jeni kiligeuka kuwa mzoga wa jeni usiofanya kazi. Wakati huo taasisi iliyomfadhili ilikuwa imekwisha kuamua kutoendelea naye.

Septemba 1998 kipande kimoja kikafanana na jeni ya kweli, Tlr4, ambayo protini yake huandikwa TLR4. Katika panya wa C3H/HeJ herufi moja ilikuwa imebadilika, na kwenye nafasi ya 712 ya protini, mahali pa asidi ya amino iitwayo prolini, pakakaa nyingine, histidini. Nafasi hiyo iko katika mkia wa ndani, ule unaopitisha ishara. Ukoo mwingine wa panya wasioshtuka, C57BL/10ScCr, ulikuwa hauna jeni hiyo kabisa. Koo mbili, kasoro mbili tofauti, jeni ile ile: sijui ushahidi gani mwingine mtu angeutaka. Makala ilichapishwa Desemba mwaka huo katika jarida la Science.

Najua kuna anayejiambia kwamba TLR4 ilikuwa imekwisha kutajwa, hivyo mtu mwerevu angeweza kubashiri. Ni kweli ilikuwa imetajwa. Jules Hoffmann na wenzake wa Strasbourg walikuwa wameonyesha mwaka 1996 kwamba nzi wadogo wa matunda wasio na jeni ya Toll huuawa na kuvu, na mwaka 1997 Ruslan Medzhitov na Charles Janeway walieleza protini ya binadamu inayofanana na Toll na inayoweza kuamsha kinga, nayo ndiyo TLR4. Lakini walikuwa na kipokezi bila kujua kinapokea nini. Na waliobashiri walibashiri nini? Mwaka 1998 zilitoka makala mbili, kabla ya ile ya Beutler, zikisema kwamba kipokezi cha LPS ni TLR2, ndugu yake TLR4. Baadaye ikaonekana kwamba LPS iliyotoka kiwandani ilikuwa na uchafu wa lipoprotini, na uchafu huo ndio ulioiamsha TLR2. Waandishi hawakuwa wajinga. Walianza na jina, na jina likawaitikia. Panya wa C3H/HeJ hakuwa amesoma makala ya mtu yeyote.

Mwingine atasema kwamba siku hizi jinomu nzima husomwa kwa muda mfupi, hivyo habari ya miaka mitano ni ya wazee. Vizuri, isome. Utapata tofauti mamilioni kati ya mgonjwa na asiye mgonjwa, na mashine haitakuambia ni ipi iliyomuua. Kilichokuwa ghali wakati ule ni kusoma herufi, nacho kimekuwa rahisi; kumpima mgonjwa kwa uangalifu kulikuwa kugumu na bado ni kugumu, tena ndiyo kazi ambayo sisi tulio karibu na wodi tunaweza kuifanya vizuri kuliko wenye mashine.

Kuhusu faida, nitakuwa mkweli. Kuzuia TNF hakukuokoa wagonjwa wa sepsisi, yaani waliozidiwa na maambukizi, na dawa ya eritorani, iliyoundwa kuiziba TLR4, nayo ilishindwa katika majaribio makubwa. Vizuizi vya TNF vimewasaidia wagonjwa wa baridi yabisi, ambao hawakuwa katika mpango wa mtu yeyote sungura wale walipokuwa wakikonda. Na chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa kwa watoto wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi kabla ya kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, huchanganywa na kiamshi ambacho sehemu yake moja imetokana na LPS ya Salmonella iliyopunguzwa sumu, nacho huamsha kinga kupitia TLR4.

Nilikusudia kueleza jinsi Beutler, baada ya kuhamia La Jolla mwaka 2000, alivyoanza kuwapa panya kemikali ya ENU ili kuzalisha kasoro mpya kwa makusudi na kuzifuata moja baada ya nyingine, lakini Mwenyekiti ananionyesha saa yake kwa mara ya pili, na mara hii hatabasamu. Maswali nitayapokea, isipokuwa lile la kama Medzhitov na Janeway walistahili kuwamo katika tuzo ya 2011. Wanasayansi wengi wa kinga walililalamikia hadharani, Janeway alikuwa amekwisha kufariki, na baada ya Beutler na Hoffmann nafasi ya tatu ilikwenda kwa Ralph Steinman, aliyefariki siku tatu kabla ya kutangazwa. Mwenye pendekezo lenye jeni tatu kwenye ukurasa wa kwanza anione baada ya chai, aje na majalada ya wagonjwa wake.