Kipindi cha 41: Dulla bado yuko 2019

ZUU: Haya tumerudi, na leo nna karatasi kabisa, makosa manne ya vyeti vya usalama kwenye imeli, yaani kile kitambulisho ambacho seva, kompyuta inayobeba imeli zako, huionyesha programu yako ijue ni yenyewe. Dulla usinivuruge.

DULLA: Ngoja la kwangu kwanza dada. Jumanne niko Tanga, gesti, nafungua imeli nimtumie mteja invoisi, programu inanitolea onyo, eti cheti cha seva kina shida, wakati Dar haijawahi kunifanyia hivyo.

ZUU: Shida gani? Onyo huwa linasema. Jina halilingani, muda umekwisha, aliyekitoa hajulikani...

DULLA: Lilisema cheti bado hakijaanza kutumika.

ZUU: (anacheka) Dulla. Kompyuta yako ilikuwa inasoma tarehe ngapi?

DULLA: ...Machi 2019.

ZUU: Ile programu ya mahesabu ya majaribio! Mpaka leo?

DULLA: Siku 30 za bure, unataka ziishe? Nikitaka kuifungua narudisha kalenda nyuma, nikimaliza naipeleka mbele, sasa Jumatatu usiku nilikuwa hoi nikasahau.

ZUU: Jamani hizo siku 30 zimeshafika umri wa kuanza darasa la kwanza.

DULLA: Zitaanza Januari. Basi nikabonyeza kukubali, mara mbili, moja ya kupokea moja ya kutuma, invoisi ikaenda.

ZUU: Kwenye waifai ya gesti.

DULLA: Seva si ileile, tatizo lilikuwa saa yangu.

ZUU: Hilo umelijua baadaye! Ulipokuwa unabonyeza ulikuwa hujui. Mtu akijiweka katikati ya ile waifai anakupa cheti alichojitengenezea, ukikubali umemkabidhi na paswedi yako. Ungezima waifai ukawasha data ya simu ujaribu tena, onyo likipotea ujue mchawi yuko kwenye ule mtandao, likibaki kaangalie saa yako au muulize mwenye seva.

DULLA: Saa tano usiku, bando limekata, mteja anataka invoisi. Na haya maonyo mara nyingi ni uzembe tu, cheti cha Let's Encrypt, wale wanaotoa vyeti bure, cha siku 90, mtu wa seva kasahau kukiongezea muda, ofisi nzima inapigiwa kelele. Mhasibu akae anasubiri?

ZUU: Akae.

DULLA: Mishahara isiende?

ZUU: Leo isiende.

DULLA: We hujawahi kudaiwa kodi. Hapo sikubali.

ZUU: Usikubali, na mi sikubali. Na kile kiboksi cha kuhifadhi ruhusa moja kwa moja, ulitoa tiki?

DULLA: ...Kinakuja na tiki yake.

ZUU: Yaani hata kama kilikuwa feki programu yako imeshaambiwa ikiamini, haikuulizi tena mpaka uingie kwenye mipangilio ukakifute!

DULLA: Nitakifuta. Ila kuna kitu sijakwambia, mteja kanipigia jana anasema invoisi haioni, nikamwambia tafuta jina langu, akaikuta chini kabisa, imeandikwa Machi 2019. Ananiuliza kaka hili deni la lini, mwaka huo mi hata duka nilikuwa sijafungua.

ZUU: (anacheka mpaka anakohoa) Kwa sababu tarehe ya imeli inaandikwa na kompyuta ya anayetuma! Lipia hiyo programu, baba.

DULLA: Akinilipa hiyo invoisi.

ZUU: Nimebakiwa na dakika mbili na karatasi yangu sijaigusa. Haya, la kwanza saa, mmesikia wenyewe. La pili jina, ofisini imeli mmeiunganisha na seva kwa jina la ndani, ukiwa nyumbani inapita jina lingine, na cheti kinajua moja tu...

DULLA: Kama mimi, kitambulisho kinasema Abdallah, dada wa mapokezi gesti anamtafuta Dulla kwenye daftari...

ZUU: Usianze! La tatu, simu za zamani, tarehe 30 Septemba 2021 kuna cheti mzizi, kile cha juu ambacho vyeti vingine vinakitegemea ili viaminiwe, kilikwisha muda... aa basi, muda umekwisha.

DULLA: Kwangu mbona bado.

ZUU: Kwako hata podikasti hii bado haijaanza.