Hesabu Ianzie Kwenye Tuta: Maji ya Mvua na Umwagiliaji wa Matone Dodoma

Ndugu Mwenyekiti, wakulima wa bustani wenzangu,

Hapa Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Desemba na kukatika Aprili, na kwa mwaka wa kawaida tunapata kati ya milimita 500 na 600. Milimita moja inayonyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo bati la mita za mraba 60, hata tukitoa humusi kwa ajili ya yanayorukia nje ya gata na yanayokaukia juani, hutupatia lita zisizopungua 24,000. Hesabu hiyo imewadanganya wengi, na mimi nimo.

Nilinunua tangi la lita 5,000. Lilijaa kabla Januari haijaisha, na maji yaliyofuata nikayatazama yakifurika kwenda barabarani. Kiangazi kilipoingia, nilikuwa na matuta ya mita za mraba 20 ya mchicha na sukuma wiki. Katika upepo wetu mkavu, bustani hupoteza takriban milimita tano kwa siku, yaani lita 100 kwa eneo lile, kwa hiyo tangi lote lilikuwa la siku 50 tu, na hapo sijahesabu nilichokuwa nikimwaga njiani kwa keni.

Ndiyo maana nasema hesabu ianzie kwenye tuta, siyo kwenye paa. Mipira ya matone hupeleka maji shinani na kuacha njia za kupitia zikiwa kavu, lakini inataka msukumo. Fundi wangu aliliweka tangi chini kabisa, na miche ya mwanzo wa mstari ikanywa huku ya mwisho ikinyauka. Kuliinua nako si jambo dogo, kwani likijaa lina uzito wa tani tano. Nilichofanya ni kuweka pipa la lita 200 juu ya kichanja imara, karibu mita moja na nusu kutoka ardhini, ninalolijaza kwa ndoo kutoka kwenye tangi. Pipa hilo limekuwa pia kipimo changu: ninajua kila jioni nimetia ndoo ngapi.

Adui mkubwa wa matone ni uchafu. Mvua ya kwanza huosha bati vumbi na kinyesi cha ndege, kwa hiyo lita 30 hivi za mwanzo ziingie kwenye bomba la wima lenye kizibo chini, zimwagwe. Tangi lifunikwe lisipate mwanga, maana mwanga huotesha utando wa kijani. Chujio liwekwe penye koki ya pipa na lisuuzwe kila wiki. Nilipopuuza hilo, nilikaa asubuhi nzima nikizibua vitundu kwa sindano, kimoja kimoja.

Sasa, mvua ikikatika, ninabaki na tuta la mita za mraba 8 tu, lililotandazwa nyasi kavu kwa unene wa kiganja. Hata nikiacha kuhesabu faida ya nyasi hizo, lita 40 kwa siku hunifikisha siku 125, yaani mwanzoni mwa Septemba. Oktoba na Novemba tuta hupumzika, nami hununua mchicha sokoni kama watu wengine.