Kutoa tangazo la trekta la mwaka 1943 kwenye jarida bila kulichana

Karibuni tena mezani kwangu, hapa Des Moines, Iowa. Leo tunatoa ukurasa mmoja kwenye jarida la zamani, tunaunyoosha, tunautia fremu. Jarida lenyewe ni hili, Successful Farming la mwaka 1943, na lilikuwa likichapishwa mji huu huu.

Ukurasa tunaoutaka ni huu wa mama aliyefunga kitambaa kichwani, yuko juu ya trekta nyekundu ya Farmall. Ilikuwa Vita vya Pili vya Dunia, vijana walikwenda vitani, mashamba yakabaki na wanawake. Mwaka 1942 kampuni ya International Harvester, watengenezaji wa Farmall, ilianza kuwafundisha wanawake kuendesha trekta na kuzitunza, wakaitwa Tractorettes. Baba yangu aliendesha trekta Karatu maisha yake yote, kwa hiyo picha kama hii siwezi kuipita.

Mama, shusha kamera. Shusha tena. Hapo, waone maneno ya chini.

Haya maneno madogo ndiyo yaliyonifanya nianze kukusanya. Someni: tunza mashine uliyonayo, agiza spea mapema, toa chuma chakavu, nunua bondi za vita, yaani ikopeshe serikali. Hakuna bei, hakuna "fika dukani leo". Serikali ilikuwa imewawekea viwanda kikomo cha mashine za kilimo, chuma kiende vitani. Harvester hao hao walikuwa wanatengeneza magari ya jeshi ya minyororo na hata topido, makombora ya majini. Trekta za kuuza zilikuwa chache, lakini walilipia matangazo ili mkulima asilisahau jina lao, na ofisi ya kodi ilikubali gharama za matangazo zisizopita kiasi zihesabiwe kama gharama za biashara. Ndiyo maana watu wanaokata picha ya trekta peke yake na kutupa maandishi wananiumiza. Hapa hatukati kitu.

Haya, tuanze. Mikono nimeshanawa na kuikausha. Glavu sivai, karatasi ya namna hii inataka vidole viisikie.

Fungua jarida katikati kabisa. Siyo kwenye ukurasa unaoutaka, katikati, pale miguu ya pini ilipojikunja. Pini ziko mbili, miguu minne. Ingiza kipande cha plastiki nyembamba chini ya mguu wa pini. Mimi nimekata kwenye kifuniko cha kopo la aiskrimu. Plastiki inalinda karatasi. Kisha kwa kisu butu cha meza unainua mguu polepole mpaka usimame wima.

Sasa nisikilizeni. Usivute pini kwa mgongoni kabla miguu yote haijasimama. Mwaka juzi nilivuta. Mguu mmoja ulikuwa bado umepinda kidogo, nikadhani utapita. Ulitoka na karatasi, ukachana kuanzia kwenye tundu mpaka katikati ya maandishi. Na ulikuwa ukurasa wa 1944 wa kampuni ya Massey-Harris, habari ya kombaini 500 walizoruhusiwa kutengeneza nje ya mgao wao, zikavuna ngano kuanzia Texas kupanda kaskazini hadi mpaka wa Kanada, zaidi ya ekari milioni moja. Hao ndio Massey walioungana na Ferguson mwaka 1953, na kutoka hapo tukapata Massey Ferguson tunazozijua nyumbani. Nilikaa na kile kipande mkononi usiku mzima. Kwa hiyo narudia: miguu minne isimame kwanza.

Mguu wa kwanza, huo. Wa pili, huo. Wa tatu…

Subiri. Umekatika. Sogeza kamera, mama, waone. Kutu imeula kwa ndani. Hapa usiharakishe wala usipulize. Inamisha jarida, kutu idondoke yenyewe, halafu brashi laini, kuelekea nje. Usisugue. Kutu ukiisugua inaingia kwenye karatasi na haitoki tena. Kipande kilichobaki nakishika kwa kibano, nakivuta kwa kukinyoosha juu… taratibu… kimetoka. Karatasi nzima. Nashukuru.

Wa nne umesimama. Hesabu tena kabla ya kugeuza. Sasa ndiyo, geuza, vuta kwa mgongoni, pini zote mbili. Kurasa zinaachana zenyewe.

Mtaona ukurasa wetu umeshikana na mwenzake upande wa pili wa mkunjo. Wengine wanapitisha wembe hapo. Mimi nakunja ule mwingine nyuma, katikati naweka karatasi isiyo na asidi, basi. Huyu wa nyuma ana tangazo la trekta ya magurudumu ya chuma. Wajapani walipoiteka Malaya, kulikotoka mpira, mwaka 1942 mpira ukaadimika, na Ford mwaka huo huo wakatoa trekta za 2N, ambazo nyingi zilitoka na magurudumu ya chuma, bila betri, unawasha kwa mkono. Ukiona magurudumu ya chuma kwenye tangazo la miaka hiyo, ni alama ya vita hata kama hakuna askari pichani.

Kunyoosha: karatasi nyeupe safi chini na juu, ubao, vitabu vizito, siku tatu. Pasi hapana. Laminesheni hapana kabisa, ule moto ukishapita hakuna kurudi nyuma. Selotepu nayo hapana, inaacha doa la kahawia.

Huu hapa ni mwingine niliounyoosha wiki iliyopita. Kwa penseli, ukingoni nyuma, naandika jina la jarida, mwezi, mwaka na namba ya ukurasa. Nauweka juu ya kadibodi isiyo na asidi, naushika kwa kona nne za picha, hakuna gundi inayougusa. Juu yake kadibodi iliyokatwa dirisha, ili kioo kisigusane na karatasi. Kioo kinang'aa kwenye kamera, samahani, zima hiyo taa. Sawa. Tundika ukuta usiopigwa na jua, karatasi hizi zinageuka njano upesi.

Fremu nazichonga mwenyewe kwa mbao za ghala la zamani. Unayetaka, niandikie kipimo cha ukurasa mzima pamoja na pambizo. Ukinipa kipimo cha picha tu, yale maneno ya chini yatafunikwa, na fremu hiyo sitaichonga.