Kwanza Litazame Ganda

Ndugu wasikilizaji, wanaoanza kujaza upya risasi za bastola huniuliza: baruti ipi ni bora? Jibu langu ni kwamba lichunguze kwanza ganda unalotaka kulijaza, yaani ala ya risasi inayobeba baruti.

Chukueni .38 Special. Risasi hii ilianza mwaka 1898 kwa baruti nyeusi, ambayo huchukua nafasi kubwa, na ganda lake likatengenezwa refu kwa ajili hiyo. Leo tunatia humo baruti isiyo na moshi, jamii aliyoibuni Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ambayo kiasi kidogo tu kina nguvu nyingi. Mulika tochi ndani ya ganda lenye kipimo sahihi cha baruti ya kuwaka haraka: utaona tabaka jembamba limelala chini, na juu yake utupu mtupu. Mkono ukipitiwa ukamimina mara ya pili, kichwa cha risasi bado kitakaa pale pale, na kwa nje risasi hiyo haina tofauti na wenzake. Presha nayo haitaongezeka mara mbili tu. Itapaa zaidi ya hapo, na silinda ya bastola inaweza kupasukia mkononi mwa mpigaji.

Kwa hiyo mimi huchagua baruti nyepesi yenye ujazo mkubwa, inayopita nusu ya ganda. Hiyo ukiimimina mara mbili, inamwagika mezani na kosa umeliona. Sifa hii naitanguliza mbele ya bei, mbele ya usafi wa mtutu, mbele hata ya kasi ya risasi.

Kuna upande wa pili, na ni haki niuseme. Baruti hizo mara nyingi ni za vibamba, na vibamba havishuki sawasawa kwenye kipimio, kifaa kinachomimina baruti kwa ujazo. Punje za mviringo hutiririka vizuri zaidi. Basi pima kwenye mizani mara kwa mara, na kagua kila ganda kwa mwanga kabla ya kutia kichwa.

Katika 9mm Luger, aina nyingine ya risasi za bastola, mambo hubana. Ganda ni dogo, na kikomo cha presha kwa viwango vya SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani, ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 35,000, wakati .38 Special ya kawaida ni 17,000. Hapa kichwa kikizama ndani kidogo tu kuliko inavyotakiwa, nafasi ya baruti hupungua na presha hupanda. Fuateni urefu wa risasi ulioandikwa kwenye kitabu cha vipimo.

Kuhusu orodha zinazopanga baruti kwa kasi ya kuwaka: zinaonyesha tu nani yuko mbele ya nani. Baruti mbili zinazofuatana humo haziazimani vipimo: kipimo cha moja usikitumie kwa nyingine.

Na ndugu aliyeuliza juu ya mkebe wa baruti uliobanduka lebo: rangi na umbo la punje havitakuambia ni baruti gani. Usiitie kwenye ganda lolote.