Kugombea Bunge la Maine kwa Ajili ya Shule za Umma: Hesabu na Tarehe

Asanteni kwa kufika. Nazungumza na vijana mnaotetea shule za umma hapa Maine na mnaofikiria kugombea Baraza la Wawakilishi la jimbo. Bidii mnayo. Kinachowaangusha wengi ni hesabu na tarehe.

Tuanze na sifa. Katiba ya Maine inataka uwe na umri wa miaka 21, uwe umekaa jimboni mwaka 1, na ndani ya eneo lako la uchaguzi miezi 3 kabla ya kura. Pia uwe raia wa Marekani kwa miaka 5 kufikia siku muhula unapoanza. Hapo ndipo vijana wa familia zilizotoka Kongo, Burundi na Rwanda hujinyima bure. Kama mzazi wako aliapishwa uraia wewe ukiwa chini ya miaka 18, una makazi ya kudumu na unaishi chini ya ulezi wake, uraia wako ulianza siku ileile, hata kama pasipoti ulikuja kuichukua miaka mingi baadaye. Kasomeni tarehe kwenye cheti cha uraia cha mzazi.

Eneo moja lina watu 9,000 hivi, maana baraza lina viti 151. Unaweza kulimaliza kwa miguu.

Mgombea wa chama anahitaji saini 25 hadi 40, na fomu ziwe zimefika kwa Katibu wa Jimbo Machi 15. Kabla ya hapo karani wa mji anazikagua, jina kwa jina. Aliyesaini lazima awe mpiga kura wa eneo lako aliyejiandikisha katika chama chako; jirani mwema asiye na chama anakatwa. Ukipeleka 27, watatu wakikatwa umekwisha. Lenga 40.

Ukitaka fedha za umma za kampeni, utaratibu uliopitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1996, unakusanya michango 60 ya dola 5. Hapa chama hakiangaliwi: yeyote aliyejiandikisha kupiga kura katika eneo lako anafaa. Ila dola 5 zitoke mfukoni mwake mwenyewe. Rafiki akiwalipia watu kumi, mmevunja sheria.

Sasa shule zenyewe. Mlangoni utaulizwa: “Kwa nini kodi ya mali ninayoulipa mji kwa nyumba yangu imepanda?” Usijibu kwa kaulimbiu. Jimbo hukadiria gharama ya msingi ya kila wilaya ya shule, likiongeza uzito kwa watoto wa familia maskini na wanaojifunza Kiingereza. Kisha mji unatakiwa kuchangia, kutoka kwenye kodi hiyo, kiwango fulani kwa kila dola 1,000 za thamani ya mali zake. Jimbo linajaza pengo. Tuseme gharama ni dola milioni 10, mali zina thamani ya milioni 800, kiwango ni dola 6. Mji unatoa milioni 4.8, jimbo milioni 5.2. Bei za nyumba zikipanda, thamani ikafika bilioni 1, mji unadaiwa milioni 6 na jimbo linashuka hadi milioni 4. Mishahara ya watu haijaongezeka hata senti! Bibi anayeishi kwa pensheni ameonekana tajiri kwenye karatasi. Mwaka 2004 wapiga kura waliamua jimbo libebe asilimia 55 ya gharama hiyo. Fedha za kutimiza hilo zilikuja kuwekwa kwenye bajeti ya 2021. Tena asilimia hiyo ni ya jimbo zima. Usimwahidi mtu kwamba mji wake utapata 55.

Ukishinda, unaapishwa mapema Desemba, na muda wa kuwasilisha miswada hufungwa upesi, kwa hiyo uwe nayo tayari tangu kampeni. Muswada utasikilizwa hadharani katika Kamati ya Elimu, na yeyote anaweza kutoa maoni. Mabaraza yote mawili, la Wawakilishi na Seneti, yanaweza kuupitisha, lakini kama una gharama isiyo kwenye bajeti, unawekwa kwenye meza ya Kamati ya Fedha kusubiri kama kutabaki fedha. Mingi hufia pale siku za mwisho wa kikao, kimya kimya, bila mtu kupiga kura ya kuipinga. Hivyo kama unataka wauguzi wa shule au marekebisho ya kanuni ile ya kugawana gharama za shule, pigania iingie kwenye bajeti ya miaka miwili ingali mikononi mwa kamati, na walete walimu na wazazi wa eneo lako Augusta, makao makuu ya jimbo, siku ya kusikilizwa bajeti pia, siyo siku ya muswada wako peke yake.