Seli ya Damu Inapopewa Amri Isiyokoma

Shikamooni wazee. Wanafunzi, habari za mchana.

Nianzie kwenye uboho, maana huko ndiko damu inakotengenezwa. Kila siku uboho wa mtu mzima hutoa seli nyekundu zipatazo bilioni 200. Hizo, na seli nyeupe, na chembe sahani zinazogandisha damu, zote zinatokana na seli shina zilezile zenye jeni zilezile. Tofauti inaletwa na jeni zipi zinasomwa. Kazi ya kuamua hilo ni ya protini zinazojishika kwenye DNA, zikawasha jeni hii na kuzima ile. Leo tuziite protini elekezi.

Chukueni mbili tu. GATA1 huipeleka seli changa kwenye njia ya seli nyekundu na chembe sahani, PU.1 huipeleka kwenye seli nyeupe. Zikikutana ndani ya seli moja zinabanana, na atakayeshinda ndiye anayeamua. Panya wa maabara asiye na GATA1 hufa tumboni kwa kukosa damu.

Mambo yakiharibika, mara nyingi seli inakwama utotoni. Iko leukemia, yaani saratani ya damu, ambayo nyuzi zinazobeba jeni, yaani kromosomu, ile ya 15 na ya 17, zimebadilishana vipande, ikazaliwa protini mseto inayonyamazisha jeni za kukomaa. Kwenye hadubini unaziona seli changa zimejaa vijiti vyekundu, vimekusanyika kama mzigo wa kuni. Miaka ya 1980 madaktari wa Shanghai waliwapa wagonjwa hao dawa ya jamii ya vitamini A, na seli zikakomaa. Siku hizi huongezwa aseniki, na wengi wanapona kabisa. Ila jamani, karoti haifanyi kazi hiyo.

Ya pili iko jirani yetu: limfoma ya Burkitt, saratani ya seli B (seli nyeupe zinazotengeneza kingamwili), ule uvimbe wa taya wa watoto. Hapa mhusika ni MYC, protini inayoiamuru seli igawanyike. Kwa kawaida huamka kidogo, ikanyamaza. Lakini jeni yake ikihama kutoka kromosomu ya 8, ikatua kwenye ile ya 14 jirani na jeni za kingamwili, ambazo kwenye seli B hazilali, nayo hailali tena. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Mwaka 1961 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Uganda, alisafiri kwa gari na wenzake wawili kutoka Kampala kwenda kusini mwa Afrika, wakiulizia uvimbe huu hospitali kwa hospitali. Karibu na ikweta, juu ya mita 1,500 hivi, ulikuwa nadra. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka. Sisi hapa Mbeya mjini tuko kama mita 1,700. Teremka Tukuyu mpaka Kyela, unakuta mita 500 hivi, joto, na mbu. Malaria ya kila mara huzichokoza seli B, zikawa zinakata DNA yao kutengeneza kingamwili, na hapo ndipo makosa huingia. Virusi vya Epstein-Barr navyo huzinusuru seli zilizostahili kufa.

Kuizuia MYC yenyewe kwa dawa ni kazi ngumu. Bahati nzuri, seli zinazogawanyika kwa kasi hivyo huumizwa sana na siklofosfamidi, dawa ya saratani. Uvimbe hunywea ndani ya siku chache, mtoto akiwahishwa.

Mama pale mbele ameuliza kama ugonjwa huu unarithiwa. Hapana, mama. Kosa lile la kromosomu hutokea ndani ya seli B ya mtoto mwenyewe baada ya kuzaliwa. Hakulipata kwako wala kwa baba yake, na wadogo zake hawana sababu ya kutengwa naye.