Farasi Wako Asife: Kumlinda Mnyama wa Kupanda kwenye Dungeons & Dragons

Haya, karibuni tena mezani, kwenye huu mchezo wetu wa kuigiza hadithi kwa dadu na visanamu. Video hii nimeitamani muda mrefu, maana naona watu wanaingia vitani juu ya farasi na farasi hamalizi hata raundi 2. Anakufa, mwenyewe anashuka, anafuta jina kwenye karatasi, mchezo unaendelea. Mimi siwezi. Farasi wangu anaitwa Tufani, huyu hapa, ngoja nimsogeze kwenye mwanga... mnamwona? Nimempaka rangi mwenyewe. Hii alama nyeupe ya usoni nimeichora kwa brashi nyembamba kuliko kijiti cha kiberiti, jioni nzima imeishia hapo. Nilianza naye mhusika wangu akiwa ngazi ya 3, sasa tuko ngazi ya 8, na bado anapumua.

Nafuata sheria za toleo la 5, zile za mwaka 2014. Kama meza yenu imeshahamia kwenye vitabu vya 2024, baadhi ya mambo yamebadilika, hakikisheni kwanza.

Kabla dadu yoyote haijaguswa, zungumza na msimulizi wako, yule anayeendesha mchezo. Muulize hivi: farasi wangu akifika uhai 0, anakufa hapo hapo, au anarusha dadu za kupigania roho yake kama sisi wachezaji? Kwa kawaida viumbe wasio wa wachezaji hufa papo hapo. Ila msimulizi ana ruhusa ya kumpa mnyama muhimu nafasi ile ile tuliyonayo sisi: dadu ya pande 20, ikitoka 10 au zaidi ni heri, chini ya hapo ni shari. Heri 3, ametulia. Shari 3, amekwenda. Uliza mapema, kabla ya kikao cha kwanza. Ukisubiri mpaka farasi awe amelala kwenye damu, hapo unambembeleza msimulizi, na meza nzima inakutazama.

Sawa. Kununua. Farasi wa vita ni dhahabu 400, uhai 19, kinga 11, yaani namba ambayo adui lazima aifikie ili ampate. Farasi wa kawaida wa kupanda ni dhahabu 75, uhai 13, kinga 10. Mnyama lazima akuzidi ukubwa kwa daraja moja angalau, kwa hiyo wenye wahusika wadogo wanaweza kupanda hata mbwa mkubwa, lakini yule ana uhai 5 tu. Tandiko chukua la kivita, dhahabu 20: kila unapojaribu usianguke unarusha dadu 2 na kuchukua kubwa. Kupanda na kushuka kunakula nusu ya mwendo wako. Hayo mnayajua, twende.

Deraya ya farasi. Hapa watu wanakuwa wabahili na sielewi kwa nini. Bei yake ni mara 4 ya deraya ya mtu na uzito wake mara 2. Ya minyororo kwa mtu ni dhahabu 75, kwa hiyo ya farasi ni 300. Ghali, ndiyo. Lakini angalieni dadu. Goblini, kile kiumbe kidogo kibaya, anapiga kwa kurusha dadu ya pande 20 na kujumlisha 4. Kwa kinga 11, anahitaji 7 au zaidi: namba 14 kati ya 20 zinampata farasi wako. Mvalishe minyororo, kinga inakuwa 16, goblini anahitaji 12: zimebaki namba 9. Kati ya upanga wa kung'aa na deraya ya Tufani, mimi nilinunua deraya, na ule upanga mpaka leo sina.

Subiri. Kamera imeshika dadu, imeuacha ubao. Ngoja... hapo. Sasa mnaona miraba? Kila mraba ni futi 5. Farasi anachukua miraba 4, miwili kwa miwili, na mwendo wake ni futi 60, yaani miraba 12.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana sehemu hii ndiyo iliyonifanya niwashe kamera. Farasi unayemwongoza anatembea kwenye zamu yako, na ana kitendo chake mwenyewe. Kila zamu. Anaweza kutimua mbio, anaweza kukwepa, anaweza kujitoa. Vitatu hivyo tu. Hapigi kwato akiwa chini ya hatamu zako. Ukimwachia aamue mwenyewe ataweza kupiga, lakini hapo msimulizi ndiye anayemwendesha, na anaweza kumkimbiza kwenye moto au akatoroka nawe mgongoni. Mimi namwongoza daima.

Kujitoa, kitabuni imeandikwa Disengage, maana yake mkitoka karibu na adui, adui hapati lile pigo la bure. Mimi naliita pigo la kusindikiza, kwa sababu unaondoka naye anakusindikiza na rungu. Na ukiwa juu ya farasi, anayepiga ndiye anayechagua: akupige wewe au farasi. Atachagua farasi. Mimi ningekuwa zimwi ningechagua farasi.

Kwa hiyo: unaanza zamu, unasema kwa sauti, "Farasi anajitoa." Ndipo unasogea, unapiga, unaondoka. Hivi... Tufani anaingia, miraba 5, nampiga huyu, natoka miraba 7. Hakuna anayetugusa. Lakini umesema KABLA ya kusogea. Usianze kusogeza farasi halafu ukakumbuka. Sema kwanza.

Kabla ya Tufani nilikuwa na farasi jike wa kahawia, wa kawaida, uhai 13. Tulikuwa na zimwi mbele yetu. Niliingia, nikapiga vizuri sana, dadu ilitoka 19, nikafurahi, nikamgeuza tukaondoka. Msimulizi akaniuliza kwa upole, "Farasi amefanya kitendo gani?" Sikuwa nimesema kitu. Rungu la zimwi ni dadu 2 za pande 8 jumlisha 4. Lilimpata. Zikatoka 6 na 5. Kumi na tano. Nilikaa nimeshika kile kisanamu chake mpaka kikao kikaisha.

Ndiyo maana nilitengeneza kadi hizi. Hii hapa, nasogeza karibu. Chini kuna uhai, kinga, mwendo. Juu kabisa, kisanduku kikubwa kuliko vyote: FARASI ANAFANYA NINI? Weka kidole kwenye kisanduku kabla hujashika kisanamu. Kidole kwanza, mdomo pili, farasi tatu.

Sasa lipi lini. Ukitaka kupiga na kuondoka, jitoa. Kutimua mbio ni kwa kukimbia mkiwa tayari mko mbali na silaha zao. Mkianzia karibu, mnasindikizwa. Na kukwepa, ndicho kitendo ninachokipenda kuliko vyote: kila anayempiga farasi anarusha dadu 2 na kuchukua ndogo, mradi farasi anamwona. Yule goblini wa namba 9 kati ya 20, farasi akikwepa, nafasi yake inashuka mpaka kama 20 kwa 100.

Na kuna ujanja hapa. Mkuki mrefu wa wapanda farasi unafika futi 10, miraba 2. Adui wengi wanafika futi 5. Kwa hiyo unasimama hapa, mnaona, mraba mmoja katikati yetu. Unapiga, unaondoka. Hukuingia kwenye mkono wake, kwa hiyo hana pigo la kusindikiza, na farasi hana haja ya kujitoa. Kitendo chake kimebaki. Anakwepa! Angalia tu usisogee mraba wa jirani, karibu hivyo mkuki huo unakupa dadu 2 uchukue ndogo.

Aa, Tufani ameanguka. Kikalio chake kinahitaji gundi. Nimemwinua, haya.

Uchawi wa moto. Mpira wa moto ni dadu 8 za pande 6, wastani 28. Farasi wa vita ana 19. Akishindwa kujinusuru, ile dadu ya kupunguza dhara, kwa wastani amekufa. Akifaulu, anakula nusu, 14, anabaki na 5. Kwa hiyo ukimwona mchawi upande wa pili, farasi akwepe, kwa sababu kukwepa kunampa pia dadu 2 achukue kubwa kwenye kujinusuru huko. Akihitaji dadu itoe 14 au zaidi, nafasi yake inapanda kutoka 35 kwa 100 hadi karibu 58. Na ukipata kipaji cha Mounted Combatant, cha mpiganaji wa juu ya farasi, kichukue bila kufikiri mara mbili: farasi akishindwa anakula nusu, akifaulu hali kitu kabisa. Kipaji hicho hicho kinakuruhusu pigo lililomlenga farasi ulichukue wewe. Mimi nina uhai 60 na kitu, yeye 19. Nalichukua kila mara.

Paladini, ninyi wapiganaji watakatifu, mna Find Steed, uchawi wa kumwita farasi. Farasi yule akifika 0 anatoweka, unamwita tena kwa dakika 10. Ni uchawi mzuri, lakini mimi nimebaki na Tufani.

Mwenye kasisi kwenye kundi amwombe uchawi wa kulinda, Warding Bond: farasi anapata nyongeza ya 1 kwenye kinga na kujinusuru, kila dhara linampata nusu, na kasisi anaumia kiasi kile kile. Unadai pete 2 za platinamu, kasisi avae moja na farasi nyingine. Farasi avae wapi? Msimulizi wetu alikubali ipachikwe kwenye hatamu. Muulizeni wenu.

Mashimoni usimwingize. Ngazi nyembamba, mitego, giza. Mwache nje na mtu, na usimfunge kwa fundo gumu, mbwamwitu wakija aweze kukimbia.

Baada ya vita, tibu. Watu wanajitibu wao na kumsahau yeye. Tuko hapa kwenye kadi, Tufani ana 11. Dawa ya uponyaji ni dhahabu 50, dadu 2 za pande 4 jumlisha 2. Ngoja nirushe... moja imeangukia chini ya meza, hiyo haihesabiki, narudia. Tatu na moja, jumla 6. Sasa ana 17. Zimebaki 2, na yale matunda ya uchawi ya Goodberry, moja likirudisha uhai 1, bado ninayo manne kwenye mkoba. Anakula mawili.

Kadi ziko kwenye maelezo hapo chini, seti ya farasi na seti ya mbwa. Betri inaniwakia nyekundu, ngoja nifute hii 11 na kumwandikia: 19.